ATM isiyotoa pesa

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa kwa sababu ya kazi, lakini juzi nilipokuwa nikipanga kabati nilikuta rauta ya zamani ya ADSL ndani ya mfuko wa plastiki, nikakumbuka kisa ambacho sijawahi kukisimulia hapa. Basi leo mada yetu ni ATM. La, si ile ya kuchukulia pesa benki. Hii ni Asynchronous Transfer Mode, teknolojia ya mitandao ya simu iliyobuniwa miaka ya 1980 ili sauti, video na data zipite pamoja kwenye waya mmoja.

Mwaka 2018 nilikuwa mwaka wa tatu chuoni, nafanya mafunzo ya kazini katika ofisi ndogo ya mawakala wa forodha hapa Mombasa. Ofisi ilikuwa bado inapata intaneti kwa waya wa shaba wa simu. Siku moja intaneti ilienda polepole, nami kwa kutaka kuonyesha kwamba nimesoma, nikachukua pini, nikaisukuma kwenye kile kitundu cha nyuma ya rauta hadi taa zote zikazima. Rauta iliwaka tena ikiwa tupu kama siku ilipotoka kiwandani. Nakala ya mpangilio hakuna aliyekuwa nayo.

Jina la akaunti na neno la siri tulivipata kwenye faili. Kilichonishinda ni visanduku viwili vidogo: VPI na VCI. Na hapa ndipo aibu ilipo. Muhula uliopita nilikuwa nimefanya mtihani wa mitandao, nikaandika bila kusita kwamba seli ya ATM ina baiti 53, yaani 5 za kichwa na 48 za mzigo, na kwamba VPI na VCI zimo kichwani. Nilipata A. Sasa nimeketi mbele ya herufi zile zile na sijui nijaze nini! Nikatafuta kwa simu yangu, nikapata ukurasa unaosema 0 na 38, nikajaza. Taa ya DSL ilikuwa ya kijani, imetulia. Intaneti hakuna.

Mama mwenye ofisi alikuja akasimama mlangoni. "Kijana wangu, kontena la mteja liko Kilindini, siku za bure zimekwisha. Kila siku linalolala pale linalipiwa. Hizi fomu zitaenda lini?"

"Nashughulikia, mama."

Nilishughulikia hadi jioni. Fundi wa kampuni ya simu alifika kesho yake saa nane mchana, mzee mpole mwenye mkoba wa ngozi. Akatazama visanduku vyangu akacheka. "Hizi umezitoa wapi, mwanangu?" Nikamwambia mtandaoni. "Hizi ni za Uingereza. Waya wako unaishia kituo cha simu cha hapa, si London." Akaandika nambari mbili kwenye kipande cha karatasi, nikazijaza, na baada ya dakika moja intaneti ikarudi. Nambari zenyewe sizitaji, maana hazitakusaidia, na hilo ndilo nililokuwa sijalielewa.

Kwenye intaneti tumezoea anwani ya IP, ambayo pakiti huibeba kutoka mwanzo wa safari hadi mwisho. VPI na VCI si anwani kabisa. Ni nambari zinazokubaliwa baina ya pande mbili za kipande kimoja cha waya, basi. Tuseme seli inaingia kwenye swichi kupitia mlango wa 3 ikiwa na VPI 0 na VCI 40. Swichi inaangalia jedwali lake, inakuta kwamba seli kama hiyo itoke mlango wa 7 ikiwa na 5 na 112, inafuta nambari za zamani, inaandika mpya na kuisukuma mbele. Swichi inayofuata nayo ina jedwali lake. Kwa hiyo njia nzima lazima itengenezwe kabla seli ya kwanza haijaondoka, na njia kama yetu huwa imepangwa kwa mkono na mafundi. Mimi nilikuwa natuma seli zenye namba ambayo haimo kwenye jedwali la kituo, na zilikuwa zikitupwa kimyakimya. Taa ya kijani ilisema tu kwamba waya unapitisha ishara, haikusema kama kuna njia juu yake. (Na kama umewahi kujiuliza kwa nini VCI huwa 32, 35 au 38 na si 1: nambari 0 hadi 31 zimetengwa kwa kazi za mtandao wenyewe.)

Sasa kwa nini watu wakate kila kitu vipande vya baiti 48? Mkazi wa Mombasa atanielewa haraka nikimpeleka Likoni. Trela refu likishaanza kuingia kwenye feri, hata gari la wagonjwa litasubiri limalize. Kwenye waya unaopandisha kilobiti 256 kwa sekunde, pakiti ya baiti 1,500 huchukua karibu milisekunde 47 kupita. Sauti ya simu iliyokwama nyuma ya pakiti mbili tatu za namna hiyo inakuwa kigugumizi. Seli moja kwenye waya huo hupita kwa milisekunde 1.7 tu. Ukikata trela zote ziwe na ukubwa wa tuktuk, hakuna anayesubiri sana, na swichi inaweza kuipa sauti kipaumbele. Mitandao ya simu ya zamani ilitatua jambo hili kwa zamu: kila simu ina nafasi yake hata wenyewe wakinyamaza. ATM iliondoa zamu, anayehitaji anatuma, na ndiyo maana ya lile neno la kwanza katika jina lake.

Hiyo 48 nayo haikutoka kwenye hesabu safi. Simu ya kilobiti 64 hujaza baiti 8,000 kwa sekunde, kwa hiyo seli ya 48 hujazwa kwa milisekunde 6. Wamarekani walitaka 64, kwa sababu kichwa kinapoteza nafasi ndogo zaidi. Wazungu, hasa Wafaransa, walitaka 32 ili ucheleweshaji uwe mdogo na wasilazimike kuweka mitambo ya kuondoa mwangwi ndani ya nchi zao. Wakagawanya katikati. Wahandisi wa kompyuta wamelalamika tangu siku hiyo, na mimi nimo.

Maana hasara iko kwetu sisi wa data. Baiti 5 kati ya 53 ni zaidi ya asilimia 9, kabla hujatuma chochote cha maana. Pakiti ya baiti 1,500, ikiongezwa baiti 8 za mwisho za AAL5, inahitaji seli 32. AAL5 haiweki nambari za mfuatano, ni alama moja tu kwenye seli ya mwisho, kwa hiyo seli moja ikipotea pakiti nzima ni takataka, lakini nyingine 31 zinaendelea kujaza mtandao kama kawaida. Mwaka 1994 Allyn Romanow na Sally Floyd walipendekeza dawa: foleni ikizidi kiwango fulani, swichi itupe pakiti mpya nzima, isitupe seli mojamoja. Na ofisini kwetu ilikuwa kichekesho zaidi, kwa sababu tulikuwa na njia moja tu, na ndani ya njia moja ya AAL5 seli za pakiti mbili haziruhusiwi kuchanganyika. Yaani tulilipa ushuru wote wa tuktuk huku trela likiendelea kuziba feri.

Kilichoiua ATM ni kasi. Kwenye waya wa gigabiti 10, pakiti nzima ya baiti 1,500 hupita kwa mikrosekunde 1.2, wakati seli moja kwenye waya wa ATM wa megabiti 155 ilihitaji mikrosekunde 2.7. Trela limekuwa jepesi kuliko tuktuk, sasa la kukatia ni nini? Ila lile wazo la kubadilisha nambari kila swichi halikufa. MPLS, iliyosanifiwa mwaka 2001, inafanya vivyo hivyo kwa pakiti nzima.

Kontena lilitoka siku ya tatu. Mama alilipa siku mbili za ziada, hakunikata hata senti, ila kwa mwezi mzima kila nikipita karibu na rauta alikuwa anauliza, "Pini iko wapi?" Ofisi ilipohamia faiba aliniita nikachukue ile rauta, akasema ni zawadi yangu ya kuhitimu. Nyuma yake kuna kipande cha karatasi kimebandikwa kwa selotepu, na nambari mbili kwa mwandiko wa yule mzee.