Kubali Kuwa Mwanagenzi Tena

Tanga

Mwanangu mpendwa,

Baba yako ameniambia benki wanakuondoa dirishani na kukupeleka kitengo cha mawakala, na tangu upewe barua ya uhamisho huli vizuri. Simlaumu anayesikitikia kazi aliyoizoea. Ila nina neno nawe, maana jambo hili nimelipitia.

Nilisomea uhazili enzi za taipureta, tukipimwa hatimkato, maneno 100 kwa dakika. Kompyuta hatukuzijua, serikali ilipiga marufuku kuziingiza nchini mwaka 1974. Waraka wa watu wengi tuliuchapa kwenye stensili. Herufi moja ikikosewa, unaipaka dawa, unapuliza ikauke, unapiga nyingine juu yake. Kazi ile niliiweza hasa, na wakubwa walinigombea. Kisha kompyuta zikaingia ofisini.

Unajua kilichotusumbua? Si mashine. Herufi zake zimepangwa vilevile kama za taipureta, kwa hiyo vidole vilijua njia. Tulisumbuliwa na mazoea. Kwenye taipureta, kengele ikilia, unasukuma mkono wa mashine uanze mstari mwingine. Kompyuta inashuka yenyewe. Sote tuliendelea kuukata kila mstari kwa kitufe, na mkubwa akiongeza neno moja tu, barua nzima inavurugika. Aliyekuwa akitunyoosha ni kijana wa kumzaa, nasi pale ofisini tumezoea kuitwa mama.

Waliokwama hawakuwa wajinga. Wengine walinipita mbali kwa hatimkato. Kilichowashinda ni kukaa mbele ya yule kijana na kusema, "Sijui, nioneshe." Walisema wanakaribia kustaafu, wakaishia kupokea barua na kubeba mafaili, wanawake hodari wale, kwa miaka mingi. Hadi leo inaniuma.

Sitakudanganya kwamba kila badiliko ni jema. Hatimkato ni elimu ya kweli, na pale ofisini kwetu kompyuta iliisukuma kando. Niliisikitikia. Lakini mimi niliyejifunza kuhifadhi kumbukumbu za ofisi nzima kwenye kompyuta nilikuwa mtu wa upeo mpana kuliko yule aliyechapa alichoamriwa, na nisingempata mtu huyo ndani yangu kama ningeng'ang'ania kiti changu.

Dirishani wewe ni dada mkubwa, kila mtu anakuuliza. Kule utakuwa wa mwisho kujua. Kubali, tena mapema, kabla watu hawajakuzoea kama mtu anayenuna. Huendi mikono mitupu. Wakala wa mtaani leo taslimu imemwishia huku floti, yaani salio lake la kwenye mtandao, imejaa, kesho ni kinyume chake. Wewe uliyefunga hesabu za kaunta kila jioni utalielewa hilo upesi. Ila usianze kwa kuwafundisha wenzako. Majuma ya mwanzo uliza, andika kwenye daftari, na ukiambiwa jambo mara ya pili usione haya kuuliza ya tatu. Aliye mdogo kwako akikuelekeza, mshukuru mbele za watu.

Nikija Dar mwezi ujao nitafikia kwako. Nitaomba unieleze wakala anavyogeuza floti kuwa taslimu, hatua kwa hatua, kwani mwenye duka hapa jirani amefungua uwakala na wazee wenzangu wanarudishwa bila pesa zao. Nikishaelewa nitakaa naye nimweleweshe.

Wasalimie watoto.

Shangazi yako