Kila Herufi na Picha Yake

Herufi inayotesa ni M. Ukiambiwa uchague picha uipendayo kuliko zote kwa kila herufi, A mpaka Z, moja tu kwa kila moja, utakwenda vizuri mpaka ufike hapo, kisha utakwama. Mother India ya 1957 iko hapo, Nargis akiwa amemwelekezea bunduki mwanawe wa kumzaa. Mughal-e-Azam ya 1960 iko hapo, Madhubala akicheza mbele ya mfalme katika ukumbi wa vioo. Maangamizi ya Martin Mhando na Ron Mulvihill iko hapo, na Mississippi Masala ya Mira Nair, inayoanzia Kampala wakati Idi Amin anawafukuza Wahindi. Zote hizo, na nafasi ni moja. Wakati huohuo Q imestarehe na Qurbani yake ya 1980, haina mpinzani. Qurbani ingekuwa imeanza kwa M, isingefika hata mlangoni.

Kwa hiyo orodha ya namna hii haipimi ubora. Picha hubaki au hutoka kwa ajili ya herufi ya kwanza ya jina lake, jambo lisilohusiana hata kidogo na thamani yake. Zamani nikiona hiyo ndiyo kasoro ya mchezo wenyewe. Sasa nimezika watu wa kutosha kujua kwamba nao hawaondoki kwa kufuata sifa. Mwema hutangulia, na mkorofi akabaki kula hitima yake.

Mchezo huu niliucheza na mama mdogo, katika ile miezi ambayo Unguja ilikaa bila umeme, Disemba 2009 hadi Machi 2010, baada ya hitilafu kwenye njia inayotuletea umeme kutoka bara kwa waya wa chini ya bahari. Wenye uwezo waliwasha majenereta, na mitaa ikawa inanguruma usiku kucha. Sisi tulikuwa na kandili na televisheni iliyofunikwa kitambaa. Yeye ndiye aliyesema kwamba, maadamu hakuna cha kutazama, basi tutazame kwa mdomo. Akaanza na A.

Kanuni alizitunga yeye. Hutaji picha ambayo hujaiona. Ukiitaja, useme uliiona wapi, nani alikaa kuliani kwako na nani kushotoni. Na herufi iliyokwisha kupewa picha inaweza kunyang’anywa, ila kwa hoja. Kusema tu kwamba picha fulani ni nzuri zaidi hakukuwa hoja.

A aliipa Awara ya Raj Kapoor, ya 1951. Picha ile ni kongwe kuliko yeye, lakini picha za Kihindi enzi hizo zikirudi pwani tena na tena, na watu wakizirudia kama wanavyorudia harusi za jamaa. Yeye alipelekwa na bibi kwenye zanana, onyesho la wanawake peke yao, akiwa hajaanza hata chuoni. Kuliani alikaa bibi. Kushotoni alikaa jirani mmoja aliyeanza kulia kabla taa hazijazimwa, kwa kuwa mwisho alishaujua. Nikajaribu kumnyang’anya A kwa Anand ya 1971, ambamo Rajesh Khanna ni mgonjwa anayecheka na kila mtu mpaka siku yake inapofika.

“Hiyo niliitazama peke yangu kwenye video, mwanangu,” akanijibu. “Haihesabiki.”

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa tunacheza nini. B ilikuwa Bobby, na Bobby ilimleta mjomba, ambaye alinunua tiketi mchana akaziuza jioni kwa bei ya kulangua, kisha akaingia kutazama kwa faida. E ilikuwa Enter the Dragon, na ilimleta mjomba tena, akirusha mateke njia nzima ya kurudi nyumbani. Hakuna aliyejali kwamba Bruce Lee mwenyewe alikuwa ameshakufa, Julai 1973, kabla hata picha ile haijaanza kuonyeshwa. Mjomba naye sasa ni marehemu. Tulipofika H nilikuwa nimeshatambulishwa kwa marehemu wengi kuliko niliowasikia wakitajwa katika hitima zote nilizohudhuria, na wote walikuwa wamekaa, wanatafuna njugu, wanangojea picha ianze.

Majumba yenyewe yalikuja pamoja nao. Majestic ya Vuga, iliyofunguliwa 1955 mahali palipokuwa na Royal, iliyoteketea kwa moto. Cine Afrique, aliyoipenda zaidi. Alizungumza juu yake kwa namna ambayo wengine huzungumzia shule walizosoma. Nyumba ya senema ikifungwa, wengi husikitikia jengo, na mimi nilikuwa mmoja wao. Yeye alisikitikia wageni. Nyumbani, alisema, unatazama na watu ambao unajua tayari watacheka wapi. Senema unamsikia mtu usiyemjua, gizani, akicheka pale ulipocheka wewe, na mkitoka nje hamjuani. Watu hao hawana majina, kwa hiyo hakuna anayewafanyia hitima.

P aliipa Pakeezah bila kusita, nami sikubisha. Kamal Amrohi alianza kuitengeneza picha ile katika miaka ya 1950, ikakatika, ikaendelea, na ilipotoka Februari 1972 Meena Kumari alikuwa mgonjwa sana. Haikutimia miezi miwili akafariki. Katika ngoma mojawapo ya mwisho uso umefunikwa shela, kwa sababu anayecheza ni mwanamke mwingine. Mama mdogo alilijua jambo hilo, na bado aliapa kwamba anayemwona pale ni Meena Kumari. Nilidhani ni mapenzi ya kishabiki. Siku hizi, nikiona mtu amepita sokoni na kanga ya rangi aliyokuwa akiipenda mama mdogo, nami huwa sina haraka ya kumwona uso.

Kisha S. Sholay ya 1975 haihitaji kutetewa na yeyote. Pwani nzima inajua kanuni kwamba stelingi hauawi, na Sholay ikaivunja kanuni hiyo mbele ya macho yetu kwa kumuua Jai, yaani Amitabh Bachchan. Katika picha nzima Jai anaamua mambo kwa kurusha sarafu. Penye hatari ya mwisho anairusha tena, na sarafu inasema yeye abaki apigane, rafiki yake Veeru aende. Veeru anaporudi anamkuta mwenzake anakata roho, anaiokota ile sarafu, anaigeuza, na kuona kwamba pande zote mbili ni sawa. Haijawahi kuwa bahati. Jai alikuwa ameshachagua, siku zote, akajificha nyuma ya sarafu.

Orodha yetu ilikuwa sarafu ya Jai. Tulijifanya kwamba herufi ndizo zinazoamua, kwamba sasa ni zamu ya G na baadaye itakuwa zamu ya L, na kumbe kila herufi ilimpeleka mama mdogo kwa mtu aliyekwisha kuamua kumtaja. Angeombwa tu azungumze juu ya nduguze waliokufa, asingezungumza. Alikuwa mtu wa kusema “Mungu awarehemu” na kuinuka kwenda kutazama chungu. Herufi zilimpa kisingizio, na kwa kisingizio hicho akawakalisha wote barazani.

X tuliiacha wazi. Alisema haimo katika alfabeti yetu, basi haina haki ya kudai picha. Nikamkumbusha kwamba hata Q haimo. Akasema Q imesamehewa kwa ajili ya sauti ya Nazia Hassan katika Qurbani.

Umeme ukarudi, kitambaa kikaondolewa juu ya televisheni, mchezo ukaisha. Miaka kadhaa baadaye naye akatangulia. Orodha haikuandikwa popote. Ilikuwa na mashahidi wawili, na sasa yuko mmoja, na ushahidi wake una mashimo. D, kwa mfano. Ilikuwa Deewaar au Don, zote za Amitabh, moja ya 1975 na nyingine ya 1978. Nakumbuka tulibishana sana. Nakumbuka kandili ilikuwa inaishiwa mafuta. Nani alishinda, sikumbuki. Watu wanaotoa pole husema kwamba kumbukumbu hubaki, na ni kweli, hubaki, ila hubaki bila mtu wa kukusahihisha. Uhai wake wote nilikuwa na mtu wa kuniambia “sivyo ilivyokuwa.” Sasa naweza kuipa D picha yoyote, na hakuna atakayenizuia. Sikuwahi kudhani kwamba uhuru wa namna hiyo unaweza kuuma.

Na picha mpya haziachi kutoka. Xala ya Ousmane Sembène si mpya, ni ya 1975, ila mimi niliiona nikiwa mtu mzima, kwenye kompyuta, na X ikapata mwenyewe. Haikumwondoa mtu. Lakini kwa kanuni za mama mdogo haihesabiki, maana kuliani hapakuwa na mtu, na kushotoni hapakuwa na mtu.

Ugumu ulikuja kwa V. Herufi hiyo ilikuwa yake kabisa. Aliipa Veer-Zaara ya 2004, ya wapenzi waliotenganishwa na mpaka wa India na Pakistan, mmoja akakaa gerezani miaka 22 bila kufungua kinywa ili kulinda heshima ya mwenzake. Kisha ikatoka Vuta N’kuvute ya Amil Shivji, 2021, kutokana na riwaya ya Adam Shafi: Unguja ya miaka ya 1950, Yasmin anayeikimbia ndoa ya kuozwa kwa mzee, Denge na siasa zake za siri, na vichochoro vya Mji Mkongwe gizani. Niliitazama pamoja na binti yake mama mdogo. Yeye alikaa kuliani kwangu. Kushotoni alikaa bibi mmoja nisiyemjua, aliyekuwa akiitaja kwa sauti kila kona ya mji kabla kamera haijaifikia.

Ningeweza kuiacha orodha kama alivyoiacha, niitunze, nisiiguse, na wengi wangesema huo ndio uaminifu. Ila yeye hakunifundisha kutunza. Alinifundisha kubisha, na akaweka kanuni ili ubishi uwe na adabu. Nikimkubalia kila herufi kwa sababu tu ameshakufa, nitakuwa nimemtendea jambo ambalo hakuna aliyethubutu kumtendea akiwa hai.

Tulipotoka nje nikamwambia bintiye kwamba kuanzia leo V ni Vuta N’kuvute. Akasimama palepale njiani.

“Wewe! V ni Veer-Zaara, na haiguswi. Una hoja gani?”

Nikaanza kumweleza. Mpaka leo hajakubali.