Cheptais: Wazee walioikataa picha ya runinga mpya

Ukitoka mjini Bungoma, msomaji, na kushika barabara ya kupanda kuelekea Chwele, utauona Mlima Elgon kabla hujaambiwa na mtu kwamba ndio huo. Si mlima wa kuchongoka kama Kenya au Kilimanjaro. Umejilaza tu, mpana kama ng'ombe aliyeshiba, na aghalabu kichwa chake kimefichwa na mawingu. Kilele chake kirefu kuliko vyote, Wagagai, chenye urefu wa mita 4,321, kiko upande wa Uganda. Sisi wa huku tumebakiwa na mabega, na mabega yenyewe si haba.

Cheptais iko miguuni mwa mlima huo, upande wa kusini, karibu kabisa na mpaka. Udongo ni mweusi na mvua haina ubahili. Sokoni utakuta vitunguu, viazi, mahindi na mikungu ya ndizi, na masikioni utapata Kisabaot, Kibukusu, Kiteso na Kiswahili kabla hujamaliza kununua fungu moja la nyanya. Mvua ikinyesha alasiri, na hunyesha, viatu vyako vitakuwa na uzito wa jembe. Beba koti.

Waandishi wengi wanaokuja Elgon humpeleka msomaji katika pango la Kitum, ambako ndovu huingia gizani kugugunya kuta wakitafuta chumvi. Safari hiyo huanzia Kitale kupitia Endebess, na ni safari nzuri. Lakini leo ninakupeleka kwenye pango la aina nyingine: banda la mabati lenye mabenchi, pazia zito mlangoni na runinga moja kubwa ukutani. Kiingilio cha filamu ni shilingi 20. Ni ukumbi wa video, na ndani yake kumetokea mzozo ambao huko ng'ambo umewashughulisha wakurugenzi wa filamu wenye majina makubwa duniani.

Mwenye ukumbi ni kijana wa miaka thelathini hivi, mcheshi, ambaye hunadi filamu zake mlangoni kama utingo wa matatu. Kwa miaka mingi alitumia runinga ya zamani, ile yenye mgongo mkubwa kama gunia la mahindi. Filamu zilikuwa zilezile ambazo ungezikuta Kitale, Eldoret au Kakamega: za mapigano, zikiwa zimesimuliwa kwa Kiswahili na DJ Afro. Wakati mwingine huletwa pia zile zilizovuka mpaka kutoka Uganda, ambazo husimuliwa kwa Kiganda na hapa hueleweka nusunusu, ila watu hucheka vilevile. Mvua ikinyesha juu ya mabati, sauti ya DJ Afro humezwa kabisa. Hapo hutokea kijana mmoja anayeijua filamu hiyo kwa moyo, akasimama na kuisimulia yeye mwenyewe. Wapo wanaosema humshinda DJ Afro.

Kisha mwenye ukumbi akanunua runinga mpya, bapa, pana kama mlango. Siku ya kwanza alionyesha mpira. Vijana walishangilia, wakasema wanaona hata jasho la wachezaji. Siku ya pili akaweka filamu ya vita, ambayo wateja wake walikuwa wamekwisha kuiona mara kadhaa. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Vijana wa miaka ishirini walipiga makofi wakisema picha imekuwa "kama live". Lakini wanaume wa makamo na wazee walinyamaza. Mmoja akatoka nje, akafuatwa na wa pili. Filamu ilipofika katikati, benchi zima la nyuma lilikuwa tupu.

"Nilidhani wamekasirika kwa sababu ya joto," mwenye ukumbi aliniambia.

Haikuwa joto. Ili uelewe kilichowatoa wazee hao, msomaji, sharti tuingie kidogo katika ufundi.

Filamu si picha inayotembea. Ni picha nyingi zilizosimama ambazo hupitishwa upesi mbele ya macho hadi jicho linadanganyika. Katika enzi za sinema bubu mpiga picha alizungusha mtambo kwa mkono, na mwendo ulibadilika, mara picha 16 kwa sekunde, mara 20 na ushei. Sauti ilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1920, ilibidi mwendo uwe mmoja, kwa maana ukibadilisha mwendo sauti nayo hulegea au hupiga kelele kama kuku. Pakakubaliwa picha 24 kwa sekunde. Zilitosha kwa sauti na hazikumaliza utepe wa filamu, ambao ulikuwa ghali. Tangu hapo, karibu kila filamu uliyopata kuiona ilitengenezwa kwa mwendo huo. Ndiyo sababu mkono ukirushwa kwa kasi katika filamu huacha ukungu kidogo, na mwendo wote una mtetemo fulani ambao hatuuoni tena kwa kuwa tumeuzoea.

Runinga ilikuja na hesabu yake. Katika mfumo uliotumika Kenya, kamera ya video ilichukua nusu-picha 50 kila sekunde. Mwendo wake ni laini kama maji. Habari za saa moja, mpira, na michezo ya studioni kama Vitimbi na Vioja Mahakamani, vyote tuliviona kwa ulaini huo. Hukuhitaji kuambiwa. Ukipita dukani jioni na kutupa jicho, ulijua papo hapo kama kinachoonyeshwa ni filamu ya kizungu au ni Mzee Ojwang na Mama Kayai wanagombana. Jicho lilijifunza lenyewe kwamba kilicho laini ni cha hapa na sasa, na chenye mtetemo ni hadithi.

Sasa runinga nyingi mpya zina akili ya ziada. Zikipokea filamu ya picha 24, hulinganisha picha moja na inayofuata, halafu hubuni picha za kati ambazo hakuna kamera iliyozipiga, na kuzichomeka humo. Kampuni huuza runinga zikiwa tayari zimewekwa hivyo, kwa sababu mpira hupendeza. Lakini filamu nayo hulainishwa, ikawa kama habari za saa moja. Mwezi wa Desemba mwaka 2018, mwigizaji Tom Cruise na mkurugenzi Christopher McQuarrie walitoa video fupi ya kuwasihi watazamaji wazime mtambo huo majumbani mwao. Wengi waliwacheka.

Wengine hawakungoja runinga iwabunie, wakapiga filamu yenyewe kwa kasi. Peter Jackson wa New Zealand aliipiga The Hobbit kwa picha 48 kila sekunde. Alipowaonyesha wenye kumbi za sinema dakika kumi hivi mjini Las Vegas, Aprili 2012, wengi walinung'unika kwamba inafanana na mchezo wa runinga wa mchana, na kwamba mavazi yanaonekana ni mavazi tu na ndevu ni za kubandika. Filamu ilipotoka Desemba mwaka huohuo, wapo waliolalamika kwamba iliwatia kichefuchefu.

Hapa sina budi kusimama kidogo, kwa sababu nimekumbuka jambo linalonichekesha. Kati ya mwaka 1935 na 1937 Waingereza wawili, Meja Notcutt na Bwana Latham, waliweka kambi huko Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika, wakitengeneza filamu za mafunzo na kuzizungusha kwa lori hadi Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Serikali ya kikoloni nayo ikaunda idara yake ya filamu mwaka 1939. Mkuu wake, William Sellers, aliamini kwamba Mwafrika wa kijijini aonyeshwe filamu za polepole, zisizo na ujanja, kwa kuwa jicho lake halijazoea. Jicho lake! Miaka zaidi ya sabini baadaye, ni watu wa Las Vegas waliotolewa jasho na picha 24 za nyongeza. Hakuna jicho la Mzungu wala la Mwafrika. Kuna jicho lililozoea kitu fulani.

Turudi Cheptais. Nilipata bahati ya kuketi na mmoja wa wale waliotoka ukumbini siku ile. Ni mzee wa miaka sitini na kitu, mkulima wa vitunguu. Tulikunywa chai kwenye kibanda kilicho mkabala na ukumbi.

"Mzee wangu," nilimuuliza, "picha ile ilikuwa na ubaya gani?"

"Haikuwa na ubaya, mwanangu. Ilikuwa safi," alisema. "Filamu ile nimeiona mara tatu kwa runinga ya zamani. Ilikuwa mchezo. Siku ile niliona watu."

Hakuendelea, nami sikumsukuma. Hapa kila mtu anajua alichokuwa akisema. Kuanzia mwaka 2006 hadi 2008, mgogoro wa ardhi ya makazi ya Chebyuk ulizaa kundi la wapiganaji la SLDF, na eneo hili la Elgon likageuka uwanja wa vita. Mashirika ya kutetea haki za binadamu yalisema kundi hilo liliwaua watu zaidi ya 600. Machi 2008 serikali ikaleta jeshi katika operesheni iliyoitwa Okoa Maisha. Kiongozi wa kundi hilo, Wycliffe Matakwei, aliuawa Mei mwaka huo. Wanajeshi nao walilaumiwa kwa mateso, na kwa wanaume waliochukuliwa na hawakurudi. Vijana wanaopiga makofi ukumbini leo walikuwa wadogo wakati huo, au hawakuwa wamezaliwa.

Nilimweleza mzee habari za Ang Lee, mkurugenzi mzaliwa wa Taiwan, ambaye mwaka 2016 alitoa filamu juu ya askari wa Kimarekani aliyerudi kutoka vita vya Iraq, Billy Lynn's Long Halftime Walk. Aliipiga kwa picha 120 kila sekunde, kasi ambayo ni kumbi chache mno duniani zilizoweza kuionyesha kikamilifu. Alitaka mtazamaji asijifiche nyuma ya mtetemo wa sinema, aone vita kama askari alivyoviona. Filamu haikupata watazamaji wengi. Ang Lee hakukata tamaa, akarudia kasi hiyohiyo katika Gemini Man mwaka 2019, nayo pia mapokezi yakawa baridi.

Mzee alisikiliza hadi mwisho, akakoroga chai yake.

"Huyo ana nia njema," akasema. "Lakini hiyo ni dawa ya watu ambao hawajaona. Sisi ile ya zamani ilikuwa inatupa nafasi. Unaona bunduki, lakini unajua uko Cheptais na umelipa shilingi ishirini."

Nimesoma makala kadhaa za wataalamu juu ya mwendo wa picha, na sijakuta iliyonieleza jambo hili vizuri kuliko hapo kibandani. Vijana, kwa upande wao, wana hoja pia. Mmoja aliniuliza kwa nini yeye azuiwe kuona picha safi ambayo imelipiwa, kwa ajili ya mambo ya zamani. Nilimtazama nikaona hana dharau. Ameuliza tu. Lakini mimi nilikuwa upande wa mzee, na bado niko.

Aliyeamua ni fundi wa simu aliye milango miwili kutoka hapo. Aliitwa, akaingia katika mipangilio ya runinga kwa rimoti, akapekua hapa na pale, akakuta kile kifungu cha kulainisha mwendo na kukizima. Filamu ikarejea na mtetemo wake. Hakudai hata senti, aliomba tu aingie bure wiki hiyo.

Tangu siku hiyo rimoti haikai tena kwa vijana. Hukaa mfukoni mwa mwenye ukumbi. Jumamosi na Jumapili za ligi ya Uingereza hukiwasha kifungu kile, na mpira ukiisha hukizima kabla ya kuchomeka flashi ya filamu. Akisahau, husikia kikohozi kutoka benchi la nyuma, na kikohozi hicho hakina mafua.

Basi ukipata nafasi, msomaji, fika siku ya mechi. Utaona yote mawili kwa jioni moja, na tofauti utaiona mwenyewe bila kufunzwa. Ila kama unataka kulala Bungoma usiku huohuo, usingoje filamu ya pili. Matatu hupungua giza likiingia, na bodaboda kwenye barabara iliyolowa ni safari nyingine kabisa.