Likelemba ya Mchezo

Uanachama wa familia wa Nintendo Switch Online ni euro 34.99 kwa mwaka, nao unabeba akaunti 8. Wa mtu mmoja ni euro 19.99. Sisi wa Lubumbashi hesabu hiyo tunaijua: ni likelemba, ila haina zamu ya kupokea. Tuko wanane, ndugu na marafiki (mashine ni 3 tu), kila mmoja anatoa dola 5. Kaka yangu aliye Brussels analipa kwa kadi yake.

Kuna wanaosema ni anasa. Labda. Lakini simu za kaka zilikuwa zimebaki salamu na maombi ya pesa. Sasa Jumapili, umeme ukikubali, tunashindana naye Mario Kart, simu ikiwa wazi pembeni, na mwanawe aliyezaliwa huko ananitania kwa Kiswahili: "Baba mdogo, nimekupita tena!"