Dumu likijaa nilipeleke wapi?

Injini nyingi za bodaboda zetu hazina rejeta. Zinapoozwa na upepo unaopita kwenye yale mapezi ya silinda. Tope likichanganyika na oili na kukaukia kati ya mapezi, ni sawa na kuivisha injini blanketi saa saba mchana.

Na tope la Bashay, huku kwetu Mbulu, silo la mchezo! Pikipiki ya mdogo wangu, ambayo ndiyo ajira yake, ilikuwa inachemka na kuishiwa nguvu mlimani. Alishaanza kuulizia bei ya pistoni na silinda. Nikiwa likizo, nikamwambia tuioshe kwanza.

Tuliiacha ipoe kabisa, maana maji baridi kwenye injini ya moto yanaweza kuipasua. Tukaziba njia ya hewa na mdomo wa ekzosi, plagi tukaiacha mahali pake. Kisha dizeli kidogo, mswaki mkuukuu na kijiti. Mafundi wengi walizoea mafuta ya taa, lakini serikali ilipoyapandishia kodi mwaka 2011 ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli, unafuu wake ukaisha. Petroli usithubutu, ni moto huo! Tukamalizia na maji ya sabuni.

Uchafu ulipotoka, ugonjwa ukaonekana: gasketi ya kifuniko cha juu inavuja, oili ndani imepungua. Gasketi ni pesa ndogo, pistoni ni mkopo.

Sasa hoja yangu. Mdogo wangu alitaka tuoshee kijitoni kama wenzake. Nikamkatalia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto, na chini huko watu wanateka maji na kunywesha ng'ombe. Tukaoshea nyumbani, dizeli chafu tukaikinga kwenye beseni na kuimimina kwenye dumu.

Akaniuliza, "Sawa kaka, likijaa nilipeleke wapi?"

Mjini wapo wanaonunua oili chafu. Kijijini kwetu sijamwona. Tumemwambia kijana asimwage mtoni, lakini hatujamwonyesha pa kumwaga. Mpaka apapate, kijito kitaendelea kuwa jibu rahisi. Mwenye jibu jingine anisaidie, nimpelekee.