Mume, mke na kompyuta moja mpya

Tangu tuoane, mimi na mwenzangu tumegombana vya kugombana mara mbili tu. Mara ya kwanza ilikuwa juu ya mchango wa harusi ya binamu yake. Mara ya pili ilikuwa juu ya kompyuta. Najua msomaji unacheka, lakini subiri kwanza nikusimulie.

Kama unatumia kompyuta kazini utakumbuka kwamba tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 ilifika mwisho. Si kwamba mashine zilizimika, la, ziliendelea kuwaka kama kawaida. Kilichokoma ni yale marekebisho ya bure ya usalama, isipokuwa kwa waliojiandikisha kuongezewa muda. Programu hiyo ilitoka Julai 2015, kwa hiyo wengi wetu tulianza nayo tukiwa chuo, tukaombea nayo kazi, tukaolewa nayo. Laptopu yangu ya zamani isingeweza kuhamia Windows 11, maana hiyo inadai chipu ya usalama inayoitwa TPM 2.0 na prosesa ya miaka ya karibuni. Yangu ilikuwa bibi kizee. Ikabidi kutafuta nyingine.

Mume wangu ni mhasibu. Kila kitu kwake kina safu na mstari, hata soksi. Akaingia Kariakoo, akazunguka maduka mpaka miguu ikauma, akarudi na laptopu ya mtumba iliyo safi kabisa, ya kutumia wote wawili. Jumamosi nzima akakaa sebuleni anahamisha mafaili. Jumapili jioni akaniita, anatabasamu kama aliyepika pilau.

"Mama, njoo uone."

Nikaona. Kioo kizima kilikuwa kitupu. Katikati palikuwa na ile picha inayokuja na Windows 11, kitu cha buluu kilichojikunja kama satini iliyodondoka kwenye meza ya fundi. Kitufe cha Start, ambacho maisha yangu yote kilikaa kushoto chini, kimehamia katikati. Na pembeni juu, folda moja, jina lake "Za zamani". Humo ndimo alimotumbukiza kila kitu changu.

Hapa lazima nieleze desktopu yangu ilivyokuwa, ama utaniona mwanamke mwenye kisirani. Mchana mimi ni ofisa manunuzi. Jioni na wikiendi nina biashara ya sare za sherehe, za kicheni pati, sendofu na kipaimara, na nina mafundi wawili pale Tabata. Kwenye uso wa kompyuta yangu kulikuwa na aikoni 60 na ushee. Kushoto, oda ambazo hazijalipiwa hata senti. Katikati, waliotoa nusu. Juu kulia, picha za vitambaa. Mteja akilipa, naivuta aikoni yake kutoka kushoto kwenda katikati, basi. Majina sikuwa nayasoma, mkono ulijua wenyewe, kama unavyojua chumvi iko wapi jikoni kwako hata umeme ukikatika. Mwenzangu alikuwa anaona fujo. Mimi nilikuwa naona duka.

Wapo wanaoiita desktopu "eneokazi", na mimi neno hilo nalipenda. Kwa sababu wazo lenyewe lilianzia hapo, kwenye meza ya ofisi. Mwaka 1981 kampuni ya Xerox iliuza kompyuta iliyoitwa Star, ambayo kioo chake kilikuwa na vijipicha vya karatasi, mafaili na makabati. Macintosh ya Apple ikaja 1984, na Windows 95 ndiyo iliyotuletea kitufe cha Start. Sasa fikiria meza za watu ofisini kwako. Yupo ambaye meza yake ina kalamu moja tu, na yupo aliyezungukwa na milima ya karatasi, lakini ukimuuliza risiti ya Machi anaichomoa ndani ya sekunde tatu. Huyo ukimpangia meza akiwa likizo, umemharibia kazi. Na mkiwa mmeoana na mnatumia meza moja, ndiyo balaa.

Basi, kwa upande wa mashine nilizoea haraka kuliko nilivyodhani. Kitufe cha Start unaweza kukirudisha kushoto: unaingia kwenye mipangilio, sehemu ya kubinafsisha, kisha ule upau wa chini, unachagua ukae upande gani. Ukikliki kulia, menyu inayotokea ni fupi na inaficha mambo mengi, lakini ukishikilia Shift huku unakliki inakuja ile ndefu tuliyoizoea. Na kama aikoni zako kila ukiziweka mahali zinarudi kujipanga foleni, kliki kulia pale penye nafasi tupu, nenda kwenye mwonekano, toa alama ya kujipanga zenyewe. Hiyo peke yake iliniokoa. Jumatatu usiku nilikaa saa mbili nikizitoa oda zangu kwenye "Za zamani" moja moja na kuzirudisha makwao. (Tuache kulalamika sana, maana Windows 8 ya mwaka 2012 iliondoa kitufe cha Start kabisa, na mwaka uliofuata kikarudishwa.)

Mgogoro haukuwa kwenye oda. Ulikuwa kwenye faili moja.

Chini kabisa, kona ya kulia, juu kidogo ya saa, kwenye laptopu ya zamani kulikuwa na aikoni moja iliyokaa peke yake. Ni picha ya ultrasaundi ya Machi 2023, wiki ya 11. Wiki mbili baadaye mimba ilitoka. Jina la faili ni namba tu, kama ilivyotoka hospitali. Sikuwa naifungua. Ilikaa pale, nami nilijua ipo pale, nikifanya hesabu za vitambaa na vifungo.

Nilipoikuta ndani ya "Za zamani", katikati ya ankara za 2022 na fomu ya kuomba luku, sikusema kitu. Niliivuta nikairudisha kwenye kona yake. Jumanne jioni nikawasha, haipo. Imerudi ndani ya folda. Nikaitoa tena. Jumatano imerudi. Jamani, wiki nzima tulikwenda hivyo, watu wazima wawili, kila mmoja anasubiri mwenzie alale ili ahamishe kitu kisichozidi ukucha wa kidole. Asubuhi tunakunywa chai, tunaulizana habari za foleni ya Ubungo, tunapigana mabusu ya shavuni. Hakuna aliyetamka.

Ijumaa akaja na suluhisho la kihasibu. Ati tutumie desktopu mbili ndani ya kompyuta ileile. Inawezekana kweli, unabonyeza kitufe cha Windows, Ctrl na D kwa pamoja, inafunguka ya pili, na Windows 11 inakuruhusu kuipa kila moja picha yake na jina lake. Tukafanya. Yangu nikaiwekea kitenge, yake akaweka Mlima Meru. Tatizo likajitokeza palepale: picha inabadilika, lakini aikoni ni zilezile kote kote. Ukihama kutoka kwenye kitenge kwenda mlimani, ile ya kona inakufuata.

Ndipo nikasema nataka akaunti yangu. Kila mtumiaji kwenye Windows anaweza kuwa na akaunti yake, yenye uso wake, mafaili yake na paswedi yake. Ofisini ni jambo la kawaida. Nyumbani, niseme nini, nilipotamka neno paswedi mume wangu aliweka kijiko chini.

"Kwa hiyo tumefika huko?"

Wenzangu mlio kwenye ndoa mnajua "huko" ni wapi. Wifi yangu, aliyekuwa amekuja kutusalimia, hakungoja hata kuulizwa. "Wifi, kompyuta ya nyumbani inafungwa ya nini? Mtu anayefunga ana cha kuficha." Na mimi simlaumu, kwa sababu tumeshuhudia ndoa zilizovunjikia kwenye simu, na siku hizi kufuli yoyote kwenye kioo inasomeka kama mchepuko. Nikamjibu kwa heshima kwamba hata chumbani kwetu tuna kabati mbili na hakuna aliyewahi kuuliza. Akacheka kwa nusu mdomo, akaaga.

Alipoondoka nikaiwasha laptopu, nikaifungua "Za zamani", nikamwonyesha. "Kwa nini unaitoa?"

Alikaa kimya muda mrefu. Mume wangu si mtu wa machozi, na hata siku ile hospitali ndiye aliyelipa, akapiga simu kwa mama, akanitafutia bajaji. Halafu akasema kila jioni anapokaa kufanya bajeti ya nyumba, macho yanakwenda kwenye ile kona. "Nikiiona siwezi hata kujumlisha. Naanza upya, naanza upya." Akasema kwenye kompyuta ya zamani alikuwa haishiki, ilikuwa yangu. Hii ni ya wote, na alidhani akiiweka ndani ya folda atakuwa ameihifadhi vizuri.

Mimi nikamwambia kinachonitisha ni hicho hicho. Ile picha haina jina, haina kaburi, haina siku ya kumbukumbu. Ndugu walishasahau, na ni haki yao. Ikiingia ndani ya folda, chini ya ankara, hapatakuwa na mtu hata mmoja duniani anayepishana nayo kwa siku.

Tuliongea mpaka saa saba usiku. Ilikuwa mara ya kwanza tangu 2023. Nilikuwa nimeamini miaka yote hiyo kwamba yeye alishapita, kumbe naye aliamini kwamba mimi ndiye niliyepita, kwa vile nilikuwa naweza kukaa nayo mbele ya macho na kupiga hesabu za vifungo.

Kesho yake tukafungua akaunti mbili. Dakika kumi, si zaidi. Yake ina mlima, kitupu kabisa, kila kitu kiko kwenye folda na folda iko kwenye folda. Yangu ina kitenge na oda zangu makwao, na ile aikoni imekaa kwenye kona. Paswedi yangu niliiandika kwenye karatasi nikampa. Akaikunja, akanirudishia, akasema kaa nayo. Ushauri wangu kwa wanaotaka kufanya kama sisi: mafaili ya pamoja, kama mikataba ya nyumba na vyeti, msiyaache ndani ya akaunti ya mmoja, wekeni kwenye folda ya pamoja ambayo wote mnaifikia, ili mmoja akisafiri mwingine asikwame.

Mwezi uliopita, Jumapili moja mchana, nilikuwa napanga oda za sendofu akaja akasimama nyuma ya kiti. Nikadhani anataka kompyuta, nikaanza kufunga nimpishe.

"Usifunge," akasema. Akavuta kigoda, akakaa. Akanyoosha kidole hadi kwenye ile kona, bila kugusa kioo. "Hebu ifungue."

Nikaifungua. Tukaiangalia.