Kilichokuwa Katikati

Picha ya mwisho niliyompiga marehemu mama, pale Malaba penye foleni ya malori yaelekeayo Uganda, ina ukungu. Kwa miaka mingi niliilaumu kamera, hadi fundi mmoja wa Busia aliponifafanulia. Baadhi ya kamera za filamu za awali zinazojilenga, zilizoenea baada ya 1985, hutafuta tofauti ya mwanga na kivuli katikati ya fremu tu. Mama nilimweka pembeni. Katikati palikuwa na turubai jeupe tupu. Lenzi ikahangaika mbele na nyuma, ikatulia pasipo pake. Ilinipasa kumlenga yeye kwanza, nibonyeze kitufe nusu, nikishikilie, ndipo niipange picha. Leo, kabla ya kuihukumu matini kuwa imefifia, hujiuliza: katikati nimeweka nini?